Safari ya Matembezi Rungwe na Ziwa Nyasa: Tuipange Mapema

Mpunga umevunwa. Magunia yako ghalani. Jembe limepumzika pembeni ya nyumba. Sasa unafanya nini?

Wengi wa huku kwetu Usangu watakujibu kuwa mkulima hana likizo. Likizo ni ya mwalimu na karani. Mimi ni bwana shamba. Nimekaa na wakulima miaka mingi, na neno hilo silikubali. Mkulima anayo likizo yake. Ni ile miezi ya kati ya mavuno na kutayarisha mashamba. Shida ni kwamba hatuipangi. Inatupita tukiwa kilabuni, au tukiwa kwenye kesi za ng'ombe walioingia shambani kwa mtu.

Leo tuzungumze juu ya safari ya matembezi. Si safari ya msiba, wala ya hospitali. Ni safari ya kwenda kuitazama nchi yetu. Nitatumia mfano wa safari ninayoijua mwenyewe, ya mkoa wetu wa Mbeya, kutoka milima ya Uporoto hadi Ziwa Nyasa.

HUKO KUNA NINI?

Kuna Mlima Rungwe. Kimo chake ni mita 2,960 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni mlima wa moto uliolala. Katika msitu wake yuko kima anayeitwa kipunji. Wataalamu walimwona hapo mwaka 2003, na mwaka 2005 wakamwandika kuwa ni mnyama mpya kwao. Kwa wawindaji wa pale hakuwa mpya. Walimjua, na jina hilo la kipunji ni lao.

Kuna Ziwa Ngozi. Ziwa hili limo ndani ya shimo la mlima wa moto uliolala. Unapanda mlima msituni, unafika ukingoni, ndipo unaliona ziwa chini kabisa, limezungukwa na kuta za msitu. Watu husema umbo lake lafanana na ramani ya Afrika.

Kisha kuna Ziwa Nyasa lenyewe. Kwa ukubwa ni la tatu katika Afrika. Kina chake hufika mita 700 hivi. Nchi tatu zinalipakana: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Pale Matema, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini. Mtu wa Usangu, aliyezoea nchi tambarare, husimama hapo akanyamaza.

KOSA LANGU

Mwaka 2012 nilimchukua mke wangu na watoto wawili, tukaenda. Ilikuwa mwezi wa nne, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Sikuuliza mtu. Nilijiona najua, kwa kuwa nilisomea kilimo Uyole, na Rungwe si mbali na pale.

Ndugu msomaji, tuliona mvua. Njia ya kupanda Ngozi ilikuwa utelezi mtupu. Tulianguka, tukainuka, tukafika ukingoni tumelowa. Mbele yetu palikuwa na weupe tu, kama shuka iliyotandikwa. Mwanangu akauliza, "Baba, ziwa liko wapi?" Nikamwambia liko chini ya wingu. Hakuniamini, na mimi sikuwa na ushahidi.

Tukakaa Tukuyu siku mbili kungoja mvua ipungue, tukilipia chumba. Haikupungua. Fedha zikaisha kabla hatujaliona Ziwa Nyasa. Ikabidi nimpigie simu shemeji yangu atutumie nauli ya kurudi. Deni hilo nililipa wakati wa mavuno. Magunia mawili ya mpunga yalikwenda. Mke wangu hakunigombeza. Alinihesabia tu yale magunia, moja, mawili, mbele ya shemeji.

KWANZA TAZAMA MAJIRA

Mimi ninayewaambia wakulima wasipande kabla ya kujua mvua, nilisafiri bila kujua mvua. Upande wa kusini wa Mlima Rungwe, kushuka hadi Kyela, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika nchi yetu. Mvua huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa tano. Tukuyu manyunyu huweza kuanguka hata kiangazi. Kwa hiyo miezi ya kuona milima na maziwa ni kuanzia wa sita hadi wa kumi. Mwezi wa sita na wa saba huko juu kuna baridi kali, na katika uwanda wa Kitulo umande huganda. Kwangu mimi mwisho wa mwezi wa nane ndio wakati mzuri. Mpunga umekwisha vunwa, na baridi imeanza kulegea.

Lakini ujue jambo moja. Ukichagua kiangazi, unayakosa maua ya Kitulo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 kuyalinda maua hayo, maana watu walikuwa wakichimba viazi vyake na kuviuza Zambia kwa chakula. Maua huchanua kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne. Wakati huo wewe uko kwenye majaruba, maji yamekufika magotini. Huwezi kupata vyote viwili. Mimi nilichagua ziwa.

FEDHA ITOKE WAPI?

Hapa ndipo penye kazi. Mwaka 2018, baada ya mavuno, watu kumi na wanne wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulikubaliana kwenda mwaka uliofuata. Kila wiki kila mtu aliweka kidogo katika mfuko wa safari. Mfuko huo ulikuwa mbali na ule wa mikopo. Hesabu yetu ilikuwa hivi: nauli ya kwenda, malazi, chakula, viingilio, na fungu la dharura. Nauli ya kurudi tuliitoa kwanza, kabla ya yote. Tuliifunga katika pindo la kanga ya mama mmoja mwenye msimamo. Hata kwa simu unaweza kuituma akiba yako, lakini kwa simu ni rahisi pia kuitoa.

Tukaweka sharti moja. Chakula cha nyumbani kisiguswe, wala karo, wala fedha ya mbegu na mbolea.

Sharti hilo lilituletea mgogoro. Jirani yangu mmoja alichelewa kuweka akiba. Wiki mbili kabla ya safari akaleta fedha yote kwa mara moja. Tulifurahi. Siku ya mkutano mke wake akaja. Hakupiga kelele. Aliweka debe tupu mbele ya mwenyekiti, akaketi chini. Tukaelewa. Magunia manne ya chakula yalikuwa yameuzwa, naye hakuulizwa.

Tulibishana hadi jioni. Wengine walisema mambo ya nyumba ya mtu tusiyaingilie. Mimi nilikumbuka magunia yangu mawili. Nikasema fedha hiyo irudishwe leo, ikanunue mpunga kabla bei haijapanda. Ndivyo ilivyokuwa. Jirani alikasirika, akatoka bila kuaga. Tukaenda watu kumi na watatu. Kwa miezi mingi hakunisalimia ila kwa kichwa.

Usisahau pia nyumbani. Nani atakama ng'ombe? Nani atalala na watoto? Mpatane naye mapema, na mumlipe au mumletee kitu. Asiye na mtu wa kumwachia mifugo asiondoke.

SIKU ZENYEWE

Tulitoka Igurusi siku ya Jumatano, mwezi wa nane 2019. Kwa nini Jumatano? Kwa sababu Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, karibu na Matema. Tulianza kupanga kutokea Jumamosi, tukarudi nyuma.

Basi la kwanza lilitufikisha Uyole. Hapo unaacha barabara kuu na kushika ya Tukuyu na Kyela. Tulilala Tukuyu. Alhamisi asubuhi tukapanda Ngozi. Kupanda ni kama saa moja na nusu au mbili kwa mtu asiyekimbia. Chukua mwongozaji wa kijijini, vaa viatu vyenye meno, na usishuke hadi majini, maana kuta zake ni kali. Mbingu ilikuwa safi. Nililiona ziwa lote, likiwa la kijani. Nilipiga picha kwa ajili ya mwanangu.

Bibi mmoja wa kikundi hakuweza kupanda. Hakunung'unika. Alikaa Isongole kando ya barabara na wauza viazi, na tuliporudi alikuwa anajua habari za mbegu za viazi kuliko mimi. Alitaka kubeba mbegu. Nilimkataza. Mbegu au mche wa mgomba wa safarini huweza kubeba ugonjwa usiokuwako kwenu. Njoo na maarifa, mbegu uliza ofisi ya kilimo.

Alasiri tuliona Daraja la Mungu, mwamba wa volkano ambao Mto Kiwira unapita chini yake.

Viingilio hulipwa kwenye misitu na hifadhi. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo chukua kitambulisho chako cha Taifa. Uliza bei kabla ya kuondoka nyumbani, na dai stakabadhi.

Ijumaa tukashuka Kyela. Unavua sweta njiani. Juu ni chai na migomba, chini ni mpunga na kakao, na kuna joto na mbu. Beba chandarua. Ukirudi nyumbani ukapata homa, hata baada ya wiki mbili au tatu, nenda ukapimwe malaria. Na ziwani waulize wenyeji mahali pa kuoga. Penye matete hukaa konokono wa kichocho, na kwenye midomo ya mito huweza kuwa na mamba.

Jumamosi alfajiri tuliona mitumbwi ikija Lyulilo na vyungu. Wanawake wa Kikisi huvifinyanga Ikombe, ng'ambo ya ufuko, chini ya milima. Kila mmoja wetu alinunua kimoja. Vifungeni kwa majani makavu ya migomba, na ndani ya basi mvipakate. Tuliviweka viwili juu ya keria. Vyote viwili vilivunjika.

Jumapili yule mama alifungua pindo la kanga, tukarudi.

Yule jirani yangu? Mwaka 2022 alikuja nyumbani jioni, akaniuliza siku ya soko la vyungu. Yeye na mkewe walikuwa wameweka akiba ya kuku na mboga kwa miaka miwili. Walikwenda pamoja, mwezi wa nane. Chungu chao walikipakata njia nzima, na kilifika kizima.