Mtoi Hajali Luku Yako

Tuanze na baby shower, juu hapo ndio doh huanza kuhepa.

Mbogi inafungua group ya WhatsApp nyuma yako, "Surprise ya Mama Fulani", halafu fala mmoja anaku-add. Sasa unajua. Inabidi u-act. Theme ni sage green, juu siku hizi hakuna mtu Umo anajua rangi ya kawaida. Kila msee atoe thao. Kuna arch ya balloons, kuna keki imeandikwa Mom To Be, kuna yule beshte wa high school mwenye hamjabonga tangu KCSE na leo ndiye analia kuliko mathe wako. Piga hesabu ya tenti, viti, na hizo balloons. Hiyo ni pampers ya miezi mbili imepasuliwa na pin, live, watu wakipiga makofi. Na zawadi? Teddy bear. Tatu. Moja imekushinda urefu.

Halafu shoot ya ball. Arboretum, gauni ya kukodisha yenye mkia inafagia majani, baby daddy ameshika tumbo vile msee anapima tikiti Marikiti. Ni mang'aa kabisa. Piga tu. Mimi nilipiga na nikapost zote.

Lakini pram, msupa, pram nakukataza. TikTok imekudanganya. Kule manzi anasukuma kwa mkono mmoja, kahawa kwa ile ingine, pavement laini, mtoi amevaa miwani. Wewe unaishi Innercore, floor ya tano, ploti haina lift. Kutoka gate hadi stage kuna mtaro wazi, boda wanne na mbuzi ya mtu hatujawahi mjua. Hiyo kitu itatoka nje mara moja, na itarudi ukiwa umeibeba. Ya kwetu inakaa balcony. Ndio store ya vitunguu. Na si kukuringia, ni store poa, ina hadi brake.

Kitu inafanya job ni leso, ama carrier ya Gikosh. Mikono yote iko free, unachagua nyanya, unatuma M-Pesa, maisha inasonga.

Na tukiwa bado Gikosh: kama hujawahi simama hapo asubuhi bale ya watoi ikifunguliwa, hujui vita. Wamama wenye Jumapili wanaimba kwaya wanakupiga kiwiko ya mbavu juu ya romper ya finje. Lakini ni camera, manze. Pamba safi, vifungo zote ziko, ingine bado ina label. Size ya newborn usibebe mob. Mtoi anakuja na kilo tatu hivi, wiki ya kwanza anapunguza kidogo (usishtuke, ni kawaida), halafu anaanza kufura, na zile nguo ulikuwa umepanga kwa rangi zinakuwa za mtoi wa jirani. Ndula ndio sitaki hata kusikia. Unamnunulia Jordan na hajajua ako na miguu? Kutembea ni story ya karibu mwaka. Hizo njumu zitakaa kwa box mpaka uziweke kwa pram na vitunguu.

Soksi sasa. Soksi nunua za kujaza droo, juu Nairobi nzima imeajiriwa kuchunga miguu ya mtoi wako. Watchie: "Madam, mtoto anasikia baridi." Mama mboga: "Na huyu mbona hana soksi?" Konda wa nganya, msee hajawahi vaa soksi tangu azaliwe: "Siz, soksi ya mtoi iko wapi?" Ni January. Lami inayeyuka. Mtoi ana vest, sweta, sweta ya juu ya sweta, marvin na shawl mbili. Kenye kanaonekana ni pua. Na bado.

Kuzaa yenyewe, tubonge doh. 2013 gava ilisema kuzaa kwa hosi zake ni sare, baadaye ikapewa jina Linda Mama, ikahamia NHIF. October 2024 NHIF ikaenda, tukaletewa SHA na Linda Jamii. Tofauti kubwa ni moja: lazima ukuwe umelipa. Kama huna payslip wanakupima uwezo na maswali zao, halafu unalipa ya mwaka mzima mara moja. Ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi, so 3,600. Lipa ball ikiwa bado ndogo, usianze kutafuta password ukiwa na uchungu. SHA inalipia 10,000 ukizaa kawaida na 30,000 ukipasuliwa. Ukichagua private yenye duvet nyeupe na menu ya breakfast, kenye kinazidi hapo ni cha mfuko yako, na inaweza fika laki bila hata kuwasha AC. Pumwani iko hapo tangu 1926. Eastlando mob wamezaliwa hapo, pamoja na wale wanaisema vibaya. Na mtoi hatakuuliza kuhusu duvet.

Labour sikuambii. Kila manzi atakupea risto yake kabla hata hujauliza, na kila moja ni mbaya kuliko ya mwenzake.

Sasa umetoka hosi, umefika keja, na shosh ametoka shags na bag mbili na kuku mzima kwa carton. Karibu kwa shule. Shosh alilea watu tisa bila Google na atakukumbusha kila asubuhi. Hasemangi kama wale nane walilelewa na firstborn.

Mtoi akishikwa na kwikwi, shosh anachana kakaratasi, analamba, anabandika kwa paji ya uso. Kwikwi ikiisha anakuangalia hivi. Shosh, kwikwi inaishanga yenyewe, hata ungebandika calendar. Halafu anavuta pua ya mtoi juu "ikuwe ndefu". Anafinya kichwa "ikuwe round". Mtoi wa watu anafanyiwa panel beating kila asubuhi kabla ya chai. Na wewe unapewa njahi. Njahi asubuhi, njahi lunch, njahi supper, na uji ya wimbi kwa thermos ya lita tatu, ati ndio maziwa ikuje. Nesi aliniambia tu hivi: mtoi akinyonya mob, mwili inatengeneza mob. Njahi ni dishi. Lakini nenda umwambie shosh hivyo ukiwa bado unahitaji mtu wa kufua.

Kuna moja tu hauwezi kuchekea. Akitokea na kijiko ya maji ya sukari, ati mtoto ana kiu, kataa. Miezi sita za kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Atajam, ataambia ushago yote umekuwa mzungu. Wacha ajam.

Wageni nao. Wanakuja kuona mtoto saa kumi, wanaondoka saa tatu usiku, wamekunywa chai mara mbili, na report ni ileile: "Pua ni ya baba." Mimi ndio nilibeba, nikatapika, nikafura miguu, na pua ni ya baba. Huyo baba, by the way, sheria ya kazi ya 2007 imempea wiki mbili na mshahara wote, akae na wewe. Wa kwangu alijaribu, nampa sifa. Alibadilisha pampers akiwa ameshikilia pumzi na akaiweka mbele nyuma. Wale waliingia mitini tangu ball ikuwe ya miezi tatu, hao hatutawaandikia hata sentensi mbili.

Pampers ndio rent ya pili. Tuseme unanunua moja moja kwa duka ya chini, mbao kila kipande. Mtoi mchanga anamaliza nane kwa siku bila kujaribu. Hiyo ni 160, mwezi ni 4,800, na hajajua hata jina lake. So unanunua pack kubwa Isich, ama unafanya vile mathe alifanya: nepi na pin. Balcony yote bendera nyeupe. Mchana nepi, usiku pampers, hiyo ndio formula ya mtaa. Formula yenyewe, ya mkebe, tuombeane. Mkebe unaisha ukiuangalia. Na ushawahi ona billboard ya maziwa ya mtoi mchanga Thika Road? Hautaiona, sheria ya 2012 ilipiga marufuku kuitangaza. Kitu pekee Nairobi haina billboard.

Usiku sasa. Hakuna mtu alikuambia ukweli juu ya usiku. Kila masaa mbili, tatu, ako juu. Unalala ukiwa umekaa. Unaamka ukiwa umelala. Unashtuka keja imenyamaza, unaweka kidole chini ya pua yake uskie kama anapumua, anapumua, anashtuka, analia. Umejiletea. Pupu ya kwanza ni nyeusi na inang'ang'ana, hautoki salama na wipe moja. Halafu inakuwa kijani, halafu njano, na ghafla wewe, manzi alikuwa anakaa VIP pale Westi, unatuma picha ya pupu kwa group saa nane usiku ukiuliza, "Wasupa, hii rangi iko sawa?" Na wanajibu. Wote wako macho. Hiyo ndio club mpya, haina hata cover charge.

Lakini kuna time hivi, saa tisa, mtaa yote imezima, hata mbwa za Innercore zimechoka. Ako kwa nyonyo, ngumi imeshika kidole yako ile mbaya, sauti ni ya kumeza tu. Macho wazi. Akiwa mchanga haoni mbali, kedo sentimita 30, yaani kutoka nyonyo hadi uso yako. Dunia yake inaisha hapo kwa nywele zako, na hizo nywele hazijasukwa tangu baby shower. Hajali. Ni mtu wa kwanza anakuangalia hivyo na huna hata lip gloss.

Halafu akifika kama wiki sita anasmile. Kabla ya hapo ilikuwa gesi, hata kama ulipost. Hii ya ukweli unaijua, inaanzia kwa macho. Siku hiyo utapigia watu simu. Utaboesha kila mtu. Phone yako itaandika storage imejaa, na ni picha za msee mmoja amedoze, angle moja, blanketi moja, na hautafuta hata moja.

Wasiwasi haziishi, nisikudanganye. Akiwa njano mpaka macho, akikataa kunyonya, mwili ikichemka, beba booklet ya clinic, panda boda, nenda hosi. Usingoje shosh amalize maoni. Na kuna yako wewe. Siku za kwanza utalia bure, kijiko ikianguka unalia. Hiyo wanaita baby blues, na kawaida inapungua ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, kama huskii chochote ukimcheki mtoi, ama unaskia vitu unaogopa kusema, ambia nesi wa clinic siku ya chanjo. Wazee watasema hiyo ni magonjwa ya wazungu. Hao wazee ndio huwa wanakunywa soda moto wakishikwa na tumbo, so.

Clinic hausahau, by the way. Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Chanjo kwa hosi ya gava ni sare. Mtoi anadungwa, analia sekunde kadhaa, anasahau. Wewe unalia mpaka stage. Na kwa line kuna mama hujawahi mwona, amevalisha wake koti, anakugeukia polepole. "Mami. Soksi?"

Job ndio hiyo inakuja. Uko na contract, unapewa miezi tatu na mshahara yako yote. Uko na kibanda ama salon, unajipea wewe mwenyewe, na kawaida ni wiki kadhaa tu, juu rent haina maternity. Sheria ya afya ya 2017 inasema ofisi ikuwe na room ya kunyonyesha. Mahali nilikuwa room ilikuwa store, na nilikamua maziwa nikiangaliwa na printer tatu zimekufa. Daycare ya chini ni soo na kitu kwa siku. Ingia bila kupiga simu, hesabu watoi, nusa hewa, angalia nani anawashika wakilia. Ukiskia kimya sana saa nne asubuhi, uliza mbona.

Na jioni mnarudi na nganya. Bass inatetemesha kioo, konda anapiga mbinja kwa mlango, mtoi amezima kabisa, mdomo wazi. Unafika keja. Unavua ndula. Unaweka funguo kwa meza kimya kimya. Macho, waah!

Sasa mbogi imefungua group ingine. Ati first birthday. Wanauliza theme, wanauliza venue, kuna mmoja tayari ametuma bei ya bouncing castle, na kuna ule ule fala ameni-add. Nimewajibu mapema: theme ni ugali, venue ni kwetu, sage green mkae nayo. Kila msee akuje na pampers, size four. Mwenye ataleta teddy bear atalala nayo kwa ngazi.