Mlima kwa baiskeli: Sukari ya mwili huisha kabla ya barabara

Jumamosi alfajiri, kabla makanga hawajaanza kupigania abiria, vikundi vya waendeshaji baiskeli huonekana Jogoo Road, Outer Ring na Kangundo Road vikielekea nje ya jiji. Wengi wao ni watu wa kazi za kawaida kutoka Buruburu, Donholm, Umoja na Kayole. Baada ya miezi kadhaa ya kwenda Ruai na kurudi, wazo huwa ni lile lile: mbona tusiuzunguke Mlima Kenya?

Wazo si baya hata kidogo. Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 500, kupitia Thika, Sagana, Karatina, Nanyuki, Timau, Meru, Chuka na Embu hadi nyumbani tena. Mtu mwenye afya njema aliyejizoeza kwa miezi miwili au mitatu anaweza kuimaliza kwa muda wa siku sita bila kudhurika. Taabu ni kwamba wengi hutayarisha miguu na kusahau tumbo.

Tazama siku ya kwanza ilivyo. Mitaa ya Eastlands iko kwenye kimo cha mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Sagana, karibu kilomita 100 mbele, iko kwenye mita 1,200 tu. Kwa hivyo nusu ya kwanza ya safari, ijapokuwa ina vilima vyake, kwa jumla ni mteremko. Baiskeli inakwenda yenyewe, utani ni mwingi, na hakuna anayetaka kusimama kula. Kisha unavuka daraja la Sagana saa sita mchana, jua likiwaka, na barabara inaanza kupanda kuelekea Karatina, iliyo zaidi ya mita 1,700. Yaani mlima unaanza wakati ule ule ambapo akiba ya mwili imekwisha.

Akiba hiyo ni nini? Wanga tunaokula, uwe wa ugali, mchele, chapati au viazi, hugeuzwa kuwa sukari, na sehemu yake huhifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini. Madaktari huiita glaikojeni. Mtu mzima huweza kuweka takriban gramu 400 hadi 500 kwenye misuli, na gramu 100 hivi kwenye ini. Kazi ngumu ya mfululizo huweza kuimaliza kwa saa mbili hivi. Mwendo wa wastani huchukua muda mrefu zaidi. Mafuta ya mwili yapo tele, hata kwa mtu mwembamba, lakini huungua polepole na hayawezi kumpandisha mtu mlima kwa kasi anayotaka. Ubongo nao hutegemea sana sukari ya damu, ambayo hulindwa na ile akiba ya ini.

Ndiyo maana anayeishiwa hasemi tu kwamba miguu imechoka. Hutetemeka, hutoka jasho baridi, huona kizunguzungu, huwa mkali bila sababu au hujibu maswali ovyo. Wenzake humcheka wakidhani ni uvivu. Mtu kama huyo asiachwe aendelee, kwani anaweza kuyumba akaingia mbele ya lori. Mkalisheni kivulini, mpeni soda yenye sukari au chai tamu pamoja na ndizi au mkate, mngoje dakika 20 au zaidi. Akipoteza fahamu, msimmiminie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mtafute gari la kumpeleka hospitali.

Kinga ni rahisi: kula kabla njaa haijabisha hodi. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kwa safari ndefu. Ndizi moja mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Basi ndizi moja na kipande cha kiazi kitamu kila saa, kuanzia saa ile ya kwanza, vinatosha wengi wetu. Nduma zilizochemshwa zafaa pia, na zinauzwa njiani. Sioni haja ya mfanyakazi wa mshahara wa kawaida kutumia pesa kwa vile vibiringo vya kigeni vilivyofungwa kwa karatasi za kumetameta. Githeri ni chakula kizuri sana, lakini kile jioni. Maharagwe tumboni na kilima cha Karatina havipatani.

Kuhusu maji, kunywa kidogo kidogo kila unapohisi kiu, na zaidi kidogo kwenye joto la Sagana. Jasho hutoka na chumvi, kwa hivyo kunywa maji matupu lita baada ya lita, kupita kiasi cha jasho, nako kuna hatari: chumvi ya damu hupungua, kichwa huuma na mtu hutapika. Tia chumvi kidogo kwenye chakula au kwenye chupa moja ya maji yenye sukari. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni ishara kwamba umechelewa kunywa.

Watu huuliza kama hewa ya mlimani itawasumbua. Baada ya Timau barabara hupita kimo cha mita 2,400, na huko mapafu hupata oksijeni pungufu kuliko Nairobi. Utahema zaidi na pengine utaumwa na kichwa kidogo. Ila mkazi wa Nairobi amekwisha kuzoea nusu ya kazi hiyo bila kujua. Mgeni kutoka Mombasa ndiye atakayepata taabu zaidi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akashinda mashindano ya Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunza mbio hizi kwenye miinuko ya upande wa Kikuyu chini ya mwalimu wake David Kinjah. Jua la huko juu, hata hivyo, huchoma ngozi upesi kuliko la mjini hata kukiwa na baridi. Funika shingo na mikono.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniogopesha kuliko kupanda, nalo ni kushuka. Kutoka juu ya Timau hadi mji wa Meru barabara huporomoka kwa zaidi ya mita 800. Mwili umelowa jasho la kupanda, upepo wa mwendo unapuliza, na baada ya dakika chache vidole vimekufa ganzi hata kubana breki ni kazi. Vaa koti kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Ukikosa koti, fanya walivyofanya waendeshaji wa Ulaya zamani, ambao walichomeka gazeti kifuani ndani ya fulana. Kurasa hizi zinaweza kukusaidia mara mbili.

Breki zisibanwe mfululizo, kwani ukingo wa gurudumu hupata moto na tyubu yaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kidogo, achia, bana tena, za mbele na za nyuma, na upunguze kasi kabla ya kona wala si ndani yake. Mwenye Black Mamba ya breki za vyuma ajue kwamba zikilowa mvua karibu hazishiki, ashuke atembee. Kati ya Meru na Embu barabara hushuka kwenye mabonde ya mito mingi na kupanda tena, na daraja la Nithi kabla ya Chuka lina sifa mbaya: mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafariki. Mahali panapowashinda madereva wa mabasi si mahali pa kushindana kasi.

Kofia ya baiskeli ni lazima. Gikomba hupatikana za mitumba kwa bei nafuu, lakini ifunue ndani uangalie. Ikiwa povu gumu lina ufa, imekwisha kazi yake.

Maumivu ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno au kukanyaga gia nzito. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini. Mguu unapaswa kunyooka karibu kabisa. Ganzi ya mikono au ya sehemu za siri maana yake neva zinabanwa. Simama kwenye pedali kila dakika chache, na fundi arekebishe kiti.

Mwenye kisukari anayetumia insulini asianze safari kama hii bila kuzungumza na daktari wake kuhusu kipimo cha dawa, maana kazi ya misuli hushusha sukari, na huweza kuendelea kuishusha hata usiku akiwa amelala. Mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua au pumu vile vile apimwe kwanza. Na yeyote anayehisi kifua kubana wakati wa kupanda ashuke hapo hapo na atafute hospitali, hata kama ana miaka 30.

Kwa mazoezi, hamna haja ya kwenda mbali. Kutoka Komarock fuata Kangundo Road hadi Tala, upite chini ya Kilimambogo, utokee Thika na urudi kwa vijia vya kando ya barabara kuu. Vilima vipo vya kutosha na ni kazi ya siku moja. Beba chakula ulichopanga kula kwenye safari kubwa, ukijaribu hapo kama tumbo litakikubali. Ukifika nyumbani na njaa ya kutaka kula sufuria, ulikula kidogo mno njiani. Jumamosi inayofuata ongeza ndizi mbili.