Kumi Wanapangika, Arobaini Wanavurugika

Mwalimu ana orodha ya wanafunzi iliyopangwa kialfabeti, naye anataka programu iipange upya kwa alama. Asha na Juma wamefungana, kila mmoja ana 78. Je, Asha atabaki mbele ya Juma kama alivyokuwa?

Kwa miaka mingi ECMA-262, kiwango kinachoeleza lugha ya JavaScript, kilikataa kujibu. Kilisema tu kwamba vitu vilivyolingana si lazima vibaki katika mpangilio wao wa awali. Kila mtengenezaji wa kivinjari akafuata njia yake. Firefox ilihifadhi mpangilio. V8, injini ya JavaScript iliyo ndani ya Chrome, iliuhifadhi pale tu orodha ilipokuwa na vitu 10 au pungufu. Vikizidi hapo, ilitumia mbinu nyingine isiyojali nani alitangulia.

Sasa mfikirie aliyeandika programu ya mwalimu huyo. Kaijaribu kwa majina matano au sita, kaona matokeo ni sahihi, kaikabidhi. Darasa la watoto 40 linapoingizwa, waliofungana wanachanganyika. Hakuna onyo lolote linalotokea, na ukimuuliza mtengenezaji wa kivinjari atakuonyesha, kwa haki kabisa, kwamba hajakiuka kiwango. Kwangu mimi, lawama ni ya waraka wa kiwango hicho. Jambo ambalo wataalamu wachache wangeliamua mara moja mezani waliliacha lisukumwe hadi kwa maelfu ya waandishi wa programu, na wengi wao hawakujua hata kwamba kuna swali.

Mwaka 2018 Chrome 70 ilihamia Timsort, mbinu inayohifadhi mpangilio, ambayo Tim Peters aliibuni mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya Python. Toleo la ECMAScript 2019 likaweka sharti: vilivyolingana lazima vibaki katika mpangilio wao. Sharti hilo linataja anayewajibika, ambaye ni injini. Linataja hali inayohusika, yaani ulinganisho wa vitu viwili unapotoa sifuri, ishara kwamba vimelingana. Na linataja matokeo ambayo mtu yeyote anaweza kuyapima. Ukiandika kwamba upangaji “ufanyike ipasavyo”, nani ataupima?

Kuhusu lugha ya viwango, waraka wa RFC 2119 wa Scott Bradner, uliotoka mwaka 1997, ulikwisha kutenganisha yaliyo ya lazima, yanayopendekezwa na ya hiari. Ninaloliogopa ni hilo la katikati. Pendekezo linakubalika pale tu mwandishi anapoeleza ni sababu gani inatosha kuliacha na nini kitatokea likiachwa. Bila hivyo, kila msomaji atajiamulia.

Ukali wa sharti haumfungi mhandisi mikono. ECMA-262 haiitaji Timsort popote, na injini yoyote iko huru kutumia mbinu nyingine ilimradi mpangilio uhifadhiwe. Hata pale mwandishi wa programu anapoleta kanuni ya kulinganisha inayojipinga, kiwango kinatamka wazi kwamba mpangilio utakaotokea ni uamuzi wa injini.