Ukulele ya safari: tuchague ipi, na ya ukubwa gani?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunajibu swali ambalo familia kadhaa zimetuuliza. Ndugu aliye ng'ambo anapiga simu: "Nataka kumtumia mtoto gitaa ndogo, niambieni ipi." Ama kikundi cha vijana kimeweka akiba miezi mingi, mtu anashuka Bujumbura kwa matibabu ama makaratasi, wanampa pesa awanunulie. Nafasi ni hiyo moja. Ikija mbovu, hakuna wa kumrudishia.

Kabla ya yote tuseme wazi: mgao wa chakula usiuzwe kwa ajili ya gitaa. Muziki ni mzuri, lakini mtoto mwenye njaa haimbi. Tunaongea na yule aliyepewa, ama aliyeweka akiba.

Kwa nini hii ndogo?

Gitaa ya kawaida ina urefu wa karibu mita moja. Mkono wa mtoto hauizunguki, na siku ya kupanda lori ndiyo inavunjika mbele ya vyote. Ukulele ina nyuzi nne tu, na mtoto wa miaka sita ama saba anaishika vizuri.

Tena ukulele yenyewe ni mtoto wa safari. Tarehe 23 Agosti 1879 meli Ravenscrag ilifika Honolulu, visiwa vya Hawaii, na Wareno zaidi ya 400 kutoka kisiwa cha Madeira. Walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Kati yao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja na ujuzi wa gitaa ndogo za kwao, wakaanza kuzitengeneza kwa mbao za kule. Ndiyo ukulele tunayoijua leo.

Ukubwa

Kuna saizi nne za kawaida. Pimeni kwa rula, kutoka kichwani mpaka mwisho wa tumbo:
– Soprano: karibu sentimita 53.
– Konseti: karibu sentimita 58 hadi 60.
– Tenori: karibu sentimita 66.
– Baritoni: karibu sentimita 76.

Tatu za kwanza zinatungwa sauti moja: G, C, E, A, yaani sol, do, mi, la. Msishangae mkisikia uzi wa nne, ule wa sol, unalia juu kuliko wa tatu. Ndivyo ulivyo. Baritoni inatungwa kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, basi inamfaa anayejua gitaa tayari.

Soprano ni nyepesi na inaingia katika begi la nguo, lakini vidole vya baba vinabanana pale shingoni. Kwa familia ambayo mtoto, dada na baba watapiga chombo kimoja, sisi tunasema chukueni konseti. Inazidi soprano kidogo tu kwa urefu, na kila mtu anapata nafasi ya vidole.

Ipi inavumilia?

Wengi wanafikiri mbao ya gharama ndiyo yenye nguvu. Kwa maisha yetu sivyo. Ukulele ya ubao mzima mwembamba inalia vizuri sana, lakini mvua zikianza Oktoba ubao unavimba, na kiangazi cha Juni hadi Septemba kikifika unakauka na kupasuka. Ile ya plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, sauti yake imepungua kidogo lakini haipasuki haraka. Kwa nyumba ya shitingi, plaiwudi inashinda.

Ipo pia ya plastiki. Msiicheke. Mwaka 1949 fundi wa magitaa Mario Maccaferri alitoa ukulele za plastiki kule Marekani, zikauzwa kwa mamilioni. Ikilowa unaifuta tu. Adui yake ni joto kali, linaweza kuipinda.

Wazee wa Burundi walilijua jambo hili zamani. Tazameni inanga yao: inachongwa katika gogo moja. Mahali pachache pa kugandisha, mahali pachache pa kuachana.

Banjo ukulele je?

Hii ina shingo ya ukulele, lakini tumbo lake ni duara kama ngoma ndogo, lenye ngozi ama plastiki iliyokazwa kwa skrubu. Banjo ilianza kwa Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Marekani, wakikumbuka vyombo vya ngozi vya Afrika Magharibi. Ukulele na banjo ziliunganishwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Uzuri wake ni kelele: inasikika nje, katikati ya kwaya na makofi. Ubaya wake ni uzito, mara nyingi zaidi ya kilo moja, wakati ukulele ya kawaida ndogo haifiki hata nusu kilo. Na ile ya ngozi ya mnyama inalegea siku ya mvua, sauti inakufa. Kama ni kikundi cha kanisa ama cha vijana, chukueni yenye plastiki juu. Mkibadilisha nyuzi, badilisheni mmoja mmoja, maana kile kijiti kinachobeba nyuzi hakikugandishwa, kinasimama kwa kubanwa tu. Kwa mtoto peke yake nyumbani, banjo ukulele ni mzigo.

Kabla ya kutoa pesa

Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, wachuuzi wakatawanyika katika masoko mengine, likiwemo lile wanaloita kwa Siyoni. Basi anayetumwa atazunguka. Awe na haya kichwani:

1. Aangalie shingo kwa jicho moja, kama seremala anavyoangalia ubao. Ikipinda, aiache.
2. Aangalie kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni. Kikianza kubanduka, aiache.
3. Apige uzi mtupu, kisha aubane kwenye chuma cha 12 cha shingoni. Sauti iwe ileile, juu zaidi. Ikitofautiana, haitatungika kamwe.
4. Azungushe funguo zote nne. Zenye gia zinamfaa mtoto zaidi, hazirudi nyuma.
5. Nyuzi ziwe za nailoni. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu na kung'oa kibao.

Nyuzi zikikatika

Hapa ndipo ukulele nyingi zinakufa. Lakini Bujumbura iko kando ya Tanganyika, na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unafanya kazi. Unene wa karibu milimita 0.6 kwa la, 0.8 kwa mi, 0.9 hadi 1 kwa do, na 0.7 kwa sol. Mita moja moja inatosha.

Na asiye na pesa?

Atengeneze. Kopo la mafuta lililokwisha ni tumbo zuri, na sauti yake inakaribia banjo. Shingo iwe ya mti mgumu, ipite ndani ya kopo mpaka upande wa pili. Nyuzi zikiwa na sentimita 38 kutoka kijiti cha juu mpaka cha chini, vyuma vya shingoni viwekwe, kupima kutoka juu, kwenye sentimita 2.1, 4.1, 6.0, 7.8, 9.5, 11.1 na 12.6. Cha 12 kiko nusu kabisa: 19. Vipande vya spoki za baiskeli vinatosha. Kunjeni kwanza makali ya kopo, yasikate watoto.

Kuitunza

Msiitundike juu ya mbabula, wala karibu na shitingi ya juu ambapo joto la saa sita linalegeza gundi. Shoneni mfuko: ndani blanketi kuukuu, nje gunia la unga. Siku ya safari mlegeze nyuzi kidogo, muiweke katikati ya nguo, siyo chini ya masufuria.

Basi ndugu akipiga simu, mjibuni hivi: "Ukulele ya konseti, sentimita 58 hadi 60, ya plaiwudi, funguo za gia, nyuzi za nailoni, na seti mbili za akiba." Vocha ya dakika mbili inatosha kuyasema yote.

Na ninyi wazee mnaojua inanga, ikembe ama gitaa, watoto wanawangojea shuleni. Gitaa bila mtu wa kuifundisha itakaa mfukoni tu. Karibuni sana.