Si Mumiani, ni Ubia: Utafiti wa Afya Kilifi na Funzo Lake kwa Lamu

Huku kwetu pwani mtoto hukua akitishwa kwa mumiani. "Usitoke usiku, mumiani watakufyonza damu!" Basi mtu akija kijijini na sindano na vichupa, akasema anataka damu si kwa kutibu bali kwa utafiti, usishangae kuona mama amemfungia mwanawe ndani. Wengine humcheka mama huyo wakasema ni ujinga. Mimi simcheki. Mtu akichukua kitu chako bila ya kukwambia anakipeleka wapi, ni haki yako kumshuku.

Makala haya yanakusudia kueleza watu hao ni akina nani, nani huwatuma, kila mmoja analeta nini na anaondoka na nini. Mfano wetu hauko mbali. Ukivuka kwa mashua hadi Mokowe, ukapanda basi, ukapita Witu, Garsen na Malindi, utafika mji wa Kilifi. Hapo, kwenye uwanja wa hospitali kuu ya kaunti, pana makao makubwa ya utafiti wa afya. Yalianza 1989 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Matibabu ya Kenya, yaani KEMRI, ambayo iliundwa 1979, pamoja na mfuko wa Wellcome Trust wa London na Chuo Kikuu cha Oxford. Miongoni mwa walioanzisha kazi hiyo ni Dakta Norbert Peshu, Kevin Marsh na Bob Snow. Walianza na malaria, kisha yakaja maradhi mengine ya watoto, ukiwemo utapiamlo.

Sasa, kwa nini wawe wengi hivyo? Tuchukue mfano wa chombo cha uvuvi. Mmoja ana mashua, wa pili ana nyavu, nahodha anajua miamba, na mabaharia wana nguvu. Hakuna awezaye kwenda peke yake. Wakirudi na kuuza samaki, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kila baharia ana lake. Huo ndio ubia.

Utafiti ni vivyo hivyo. Serikali inatoa hospitali, wauguzi na sheria. Mfuko unatoa fedha. Chuo kikuu kinatoa wataalamu na kuwafundisha vijana wetu. Kampuni ya dawa ina kiwanda na siri ya kutengeneza. Shirika la Afya Duniani hupima matokeo na kuyashauri mataifa. Lakini yupo mbia mwingine ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mzazi wa Kilifi aliyemtoa mwanawe. Bila yeye chombo hakitoki bandarini.

Hebu tutazame safari tatu za chombo hicho.

Ya kwanza ni ya vyandarua. Kati ya 1993 na 1995 baadhi ya vijiji vya Kilifi vilipewa vyandarua vilivyotiwa dawa, na vingine vikawa bado. Watoto waliolazwa kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44, na vifo vya watoto vikapungua kwa thuluthi moja hivi. Matokeo hayo, pamoja na ya nchi nyingine za Afrika, ndiyo yaliyoushawishi ulimwengu kugawa vyandarua. Chandarua unacholalia leo Faza au Kizingitini kina jasho la watu wa Kilifi ndani yake.

Ya pili ni ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Mwenye kuitengeneza ni kampuni ya GlaxoSmithKline, na tangu 2001 ilishirikiana na shirika la PATH la Marekani kwa fedha za wakfu wa Bill na Melinda Gates. Mwaka 2007 chanjo hiyo ilianza kujaribiwa kwa watoto 894 wa Kilifi na wa Korogwe, Tanzania. Nusu yao walidungwa chanjo mpya, na nusu wakadungwa chanjo ya kichaa cha mbwa ili walinganishwe. Waliopata chanjo mpya waliugua homa ya malaria kwa uchache zaidi, upungufu wa asilimia 53. Jaribio kubwa likafuata kuanzia 2009 hadi 2014, watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, Kilifi ikiwemo. Hapo kinga ilionekana kuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, lakini si haba. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike.

Na mafungu yaligawanywaje? Kampuni iliahidi kuuza chanjo kwa gharama ya kutengeneza na kuongeza kama asilimia 5 tu, nayo irudi kwenye utafiti. Lakini Kenya ilipoanza kuitoa Septemba 2019, ilianzia Homa Bay na kaunti nyingine za magharibi, si Kilifi. Sababu waliyotoa ni kwamba malaria imezidi kule ziwani, na kweli imezidi. Lakini mama wa Kilifi aliyemtoa mwanawe akiuliza, "Na langu mimi liko wapi?" je, atakuwa amekosea? Mimi naona hajakosea. Jambo kama hilo lafaa kuzungumzwa mapema, kabla ya chombo kung'oa nanga.

Ya tatu ni ya utapiamlo, na inafundisha zaidi. Mtoto aliyekonda vibaya akitibiwa na kuruhusiwa kwenda nyumbani, bado yumo hatarini kufa miezi inayofuata. Wataalamu wakafikiri kwamba huenda akipewa dawa ya kuua vijidudu kila siku kwa miezi sita atapona. Watoto 1,778 waliingizwa katika jaribio hilo kwenye hospitali za Kilifi, Malindi, Mombasa na Nairobi. Matokeo yalipotangazwa 2016, lo! Waliopewa dawa na waliopewa kidonge kisicho na dawa walifariki karibu sawasawa, asilimia 14 kwa 15. Mtu atasema kazi imepotea bure. Sivyo. Sasa yajulikana kuwa dawa hiyo peke yake haitoshi, na jibu litafutwe kwingine. Kujua njia isiyofika nako ni kujua.

Hapa ndipo sisi wa Chama cha Kiswahili tunapoingia. Sheria za utafiti zasema mzazi lazima aelezwe kwa lugha anayoifahamu, akubali kwa hiari, na aweze kumtoa mwanawe wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu. Maneno hayo hufasiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama. Lakini neno likiteleza, ridhaa nayo imeteleza. Ukimwambia mama "tunafanya uchunguzi," atadhani unatafuta ugonjwa wa mwanawe ili umtibu, kumbe ni utafiti, yaani unatafuta jibu la swali ambalo hata daktari hajalijua. Na vipi utamweleza kwamba kundi la mwanawe litaamuliwa kama kwa kura, na pengine apewe kidonge kisicho na dawa? Hiyo ni kazi ya mtu anayekijua Kiswahili sawasawa. Tusidhani lugha ni mashairi na insha tu.

Kwetu Lamu tumewazoea zaidi wanaokuja kutibu. Tangu 2015 Safari Doctors, shirika lililoanzishwa na Umra Omar, limekuwa likipeleka matibabu visiwani kwa mashua. Hao huja na dawa inayojulikana. Mtafiti huja na swali. Wote wawili wana heri yao, bali si kitu kimoja, na siku mtafiti atakapogonga mlango wako usimfukuze wala usimkubalie kwa haya. Mkaribishe barazani umuulize:

1. Hiki ni matibabu au ni utafiti?
2. Nani anatoa fedha, na kampuni gani imo?
3. Damu hii itapelekwa wapi, na itakaa muda gani?
4. Mwanangu akidhurika, nani atamtibu?
5. Dawa ikifaa, sisi tutaipata lini na kwa bei gani?
6. Mtarudi kutuambia mlichokipata?

Mtafiti mwema hatakasirika, atafurahi. Anayekwepa maswali haya, mwache aende zake.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo uondoke na chako. Mumiani huchukua gizani. Mbia hukaa na wenziwe mchana kweupe, kila mtu akajua fungu lake. Basi shime, wenzangu! Tujifunze sayansi, na tujifunze Kiswahili cha kuielezea, ili siku chombo hicho kikitia nanga Amu tusiwe abiria tu.