Mtandao Haupotei Wenyewe

Wazee wetu walipoletewa chombo cha kupeleka habari bila waya, walikiita simu ya upepo. Neno simu lina asili ya Kiajemi, na huko lilimaanisha fedha na pia uzi wa madini, yaani waya. Kwa hivyo aliyetamka simu ya upepo alikuwa akitaja, pasipo kujua, waya uendao hewani. Sisi wanaisimu hufurahia migongano ya namna hii. Leo nataka kumwonyesha msomaji kwamba mgongano huo una ukweli ndani yake, na kwamba katika hospitali zetu ukweli huo unagusa uhai wa watu.

Tuanze na sentensi moja isikikayo kila siku, toka jijini Nairobi hadi sokoni Kanyangi katika eneobunge la Kitui Vijijini: "Mtandao umepotea." Wakala wa pesa humwambia mteja wake hivyo, karani humwambia mzazi, na muuguzi humwambia mgonjwa. Mwanafunzi wa sarufi na akitazame kitenzi hicho. Kupotea hakumtaji mtendaji. Mbuzi hupotea, ufunguo hupotea, wala hakuna alaumiwaye. Lau tungesema "mtandao umekatwa" au "mtandao haukufikishwa wodini", papo hapo lingezuka swali: na nani?

Zamani sentensi hiyo ilileta usumbufu tu. Sasa mambo yamebadilika. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilishika mahali pa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Afya iliyokuwapo tangu 1966, na tangu hapo kumsajili mgonjwa na kuthibitisha kwamba atalipiwa ni kazi ipitayo mtandaoni. Kabla ya hapo, mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wakapewa simu za kuandikia habari za kila boma wanalozuru. Katika mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Afya Dijitali. Mama mjamzito atokaye kijijini alfajiri, akafika hospitali na kuambiwa kwamba mtandao umepotea, hana daftari jingine la kukimbilia.

Je, hupotelea wapi? Fundi atakueleza kwamba jina hilo moja limefunika maradhi manne. Yawezekana umeme umekatika na hakuna betri ya akiba. Yawezekana mkongo uletao mawasiliano toka nje umekatwa njiani. Yawezekana mitambo ya mbali, kule kumbukumbu zinakohifadhiwa, imezidiwa. Na yawezekana kila kitu ki salama hadi langoni, ila mawimbi hayaingii wodini.

Maradhi haya ya nne ndiyo yasemwayo kwa uchache. Mtandao usiotumia waya hupeperushwa aghalabu kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo wimbi linavyofupika, na ndivyo linavyochoka upesi likikutana na kizuizi. Hospitali nayo imejaa vizuizi: kuta nene za mawe, zege lenye nondo, milango ya chuma, na chumba cha eksirei ambacho kuta zake huwekwa risasi makusudi ili miale isitoke. Hata miili yetu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, humeza mawimbi hayo. Wodi iliyo tupu asubuhi huweza kupata mtandao mzuri, na jioni ikijaa wagonjwa na jamaa zao, mtandao huo huo ukafifia.

Tiba yake yajulikana. Vituo vidogo vya kurushia mawimbi hutundikwa ndani ya jengo, wodi kwa wodi, baada ya mtu kupita na kipimo mkononi akitafuta pembe zilizo kimya. Na hapa ndipo simu ya upepo inapotukumbusha asili yake, kwa maana nyuma ya kila kituo hicho aghalabu pana waya wa kukilisha habari na umeme. Anayedhani kwamba kisichotumia waya hakihitaji waya atanunua kisanduku kimoja, akiweke katika ofisi ya msimamizi, na kutangaza kwamba hospitali nzima imeunganishwa.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tangu mikongo ya baharini ilipofika Mombasa mwaka 2009, hesabu zetu zimekuwa za milango. Serikali ya sasa iliahidi kilomita laki moja za mkongo na vituo 25,000 vya mtandao wa umma. Ni ahadi njema. Hata hivyo, kilomita hupimwa barabarani, ilhali mgonjwa hulala kitandani. Tangu 2013 hospitali hizi zimo mikononi mwa kaunti, basi bajeti ya jengo jipya haina budi kutaja nyaya za ndani na betri, kama inavyotaja mabomba ya maji.

Kadhalika tukumbuke funzo la Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani katika Nandi. Mwaka 2001, watumishi wake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta zilizokuwa pale pale kituoni. Mtandao wa ndani na intaneti ni vitu viwili. Hospitali iliyojiwekea mitambo yake yaweza kufungua jalada la mgonjwa hata mkongo wa nje ukiwa umekatika, kisha ikapeleka habari mbali njia ikifunguka.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Chuo Kikuu cha Kusini Mashariki mwa Kenya kiko Kwa Vonza, katika eneobunge lile lile la Kanyangi. Mwalimu wa fizikia afundishaye mawimbi na awatume wanafunzi wapime, kwa simu zao, jinsi mtandao unavyofifia nyuma ya kila ukuta wa shule. Mwalimu wa Kiswahili naye awaulize: tuyaiteje yale maradhi manne? Daktari haandiki katika cheti kwamba mgonjwa "anaumwa" akakomea hapo. Hutaja ugonjwa ili dawa ipatikane. Siku muuguzi atakapoweza kusema "betri imekwisha" au "mawimbi hayafiki wodi ya wazazi", na msimamizi akalazimika kujibu kwa jina la kosa lenyewe, tutakuwa tumeanza kutibu.