Kabla ya kununua unga wa nguvu za kiume

Ukipita katika steji za matatu jijini Nairobi, msomaji, hutakosa kumwona mchuuzi mwenye fungu la mizizi mkononi. Huo ni mukombero. Hatua chache mbele, nguzo ya stima imebandikwa tangazo la mganga anayeahidi kurudisha nguvu za kiume kwa siku chache. Wateja ni wengi, ila hununua kimyakimya na kutia mfukoni upesi.

Mukombero si mgeni kwetu. Waluhya wa magharibi mwa Kenya wameutafuna tangu enzi za mababu ili kuamsha hamu ya kula, kutuliza tumbo na, kama wazee wasemavyo kwa kicheko, kumchangamsha mwanamume. Waganda huuita mulondo. Umechimbwa sana hata ukaadimika katika msitu wa Kakamega. Wanasayansi wameujaribu kwa panya na kuona dalili za kutia moyo, lakini panya si baba wa watoto watatu anayeugua kisukari.

Na hapo ndipo penye jambo. Ili mwanamume awe tayari, damu lazima ijae katika uume kupitia mishipa midogo sana, yenye upana wa milimita moja au mbili hivi. Mishipa ya moyo ni mipana zaidi. Sukari, presha, mafuta na sigara vinapoiharibu mishipa ya mwili, ile midogo ndiyo hulalamika kwanza. Kwa hivyo upungufu wa nguvu unaweza kuwa kengele inayolia miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kushikwa. Mtu anayenunua unga kila wiki huku hajapimwa anaizima kengele na kuuacha moto uendelee.

Kuna sababu nyingine pia: pombe, baadhi ya dawa za presha, huzuni, madeni, na ugomvi wa nyumbani. Ikiwa mwili huamka vyema alfajiri lakini hukataa usiku, huenda shida iko katika mawazo. Akina mama nao hawakuachwa nyuma. Hedhi inapokoma, wengi hupata ukavu na maumivu, nao hunyamaza. Mume naye akijitenga kwa aibu, mke huanza kushuku kwamba ana mwingine nje. Nyumba huvunjika kwa ugonjwa ambao ungetibika.

Vipi kuhusu vidonge vya lishe? Madini ya zinki humsaidia yule aliyepungukiwa nayo. Asiyepungukiwa haongezewi chochote. Tena yanapatikana katika nyama, maharagwe, njugu na mbegu za maboga. Gome la yohimbe kutoka Afrika Magharibi, linalouzwa kama kirutubisho, laweza kupandisha presha na kuuendesha moyo mbio.

Hatari kubwa zaidi imejificha. Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha sildenafil, dawa iliyouzwa kwa jina la Viagra. Tangu hapo, wakaguzi wa nchi hiyo wamegundua mara nyingi kwamba bidhaa zinazouzwa kama “mitishamba tupu” zimechanganywa na dawa hiyo bila kutajwa popote kwenye pakiti. Dawa hiyo ikikutana mwilini na zile za nitreti, ambazo wagonjwa wa moyo hupewa kutuliza maumivu ya kifua, presha hushuka ghafla na mtu aweza kufa.

Ufanye nini basi? Kwanza, nenda zahanati ukapimwe presha na sukari. Ni vipimo vya dakika chache. Usiache dawa zako za presha kwa kudhani ndizo zenye makosa. Mwambie daktari, atakubadilishia. Punguza pombe, acha sigara, tembea kwa miguu. Ukinunua dawa, nunua katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu. Na mwenzako mwambie ukweli, kwani mficha uchi hazai.

Iwapo tayari umemeza unga au kidonge usichokijua, kisha kifua kikakubana, kimbilia hospitali na umweleze daktari ulichomeza kabla hajakupa dawa yoyote. Aibu ya dakika moja itakuokoa.